Gari Lililokuja Mgongoni mwa Lori

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya ngozi iliyopigwa jua huwa inanikata hamu ya kula. Wanangu wanaijua tabia hiyo na hawaniulizi tena. Juzi hapa Kibaha nilisimamisha pikapu kwenye kibanda cha chai karibu na yadi yangu ya mchanga, nikakuta vijana wamezunguka gari moja la spoti, jekundu, refu la pua, fupi la mgongo, la kukaa watu wawili tu. Mwenye gari alikuwa amepiga magoti anawaonyesha wenzake lilivyolala chini.

"Hapa chini hata ngumi haipiti," anasema, akaingiza ngumi, na kweli haikupita. "Hii chuma haikuchorwa kwa ajili ya barabara za kijinga."

"Noma sana, mwanangu. Na hizo taa zinafumba macho?"

"Zinafumba. Shikamoo, Bi Mkubwa! Njoo uone mashine."

"Marahaba," nikamwambia. "Nimeshaiona."

Wakacheka, wakadhani ajuza anawatania. Niliiacha chai mezani nikaondoka, na mate yangu yakawa machungu mpaka jioni.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, na hata hayo matatu nilikaa nje zaidi kuliko ndani. Malori niliyonayo nimeyapata kwa kuuza mchanga na kokoto, na kwa kuvumilia matusi ya wanaume walioona mwanamke hana kazi na beleshi. Sisemi ili nionewe huruma, sijawahi kuitaka huruma ya mtu. Nasema ili anayesoma ajue kwamba ninayoyaandika hayakutoka kitabuni. Wenzangu wa rika langu, mliokulia huku kwetu tulikokulia, mtanielewa bila kufafanuliwa sana.

Nimezaliwa Mzenga. Baba Mdogo Rajabu, mdogo wake baba, alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyesimamia shamba la mkonge upande wa Kibaha. Mzungu alipoondoka nchini, alimwachia gari lake la starehe, lile alilokuwa akiliendesha kwenye lami peke yake. Rajabu hakuwa na nyumba yake. Akalileta kwa kaka yake, na tangu siku hiyo likawa na wenyewe wawili: Rajabu aliyelileta, na baba aliyelijengea banda la makuti zuri kuliko jiko la mama.

Lilikuja mgongoni mwa lori. Tuliliona tokea mbali, limekaa huko juu limefungwa kamba, limefunikwa turubai, na wanaume wawili wamesimama kulizuia lisitikisike. Kwetu sisi mwali akitolewa ndani hubebwa mabegani, hakanyagi vumbi, na ngoma zinamtangulia. Mimi nilijua hivyo tu kuhusu kubebwa. Nikaona basi gari nalo ni mwali. Nilimuuliza Baba Mdogo kwa nini halikutembea lenyewe, na kutembea si ndiyo kazi ya magari.

"Hili?" akanijibu huku anacheka. "Hili haliwezi kukanyaga huku kwenu."

Nilijaa fahari. Nilikwenda kuwaambia watoto wenzangu kwamba gari letu ni la daraja la juu, halikanyagi. Watoto kuamini hivyo si ajabu. Ajabu ni kwamba miezi ilipita na wanaume wazima nao wakasahau kwa nini lilikuja limebebwa.

Lilikuwa la kijani, kijani cha jani la muhogo baada ya mvua. Boneti lake halikufunguka kama maboneti mengine, lilifunguka sehemu nzima ya mbele pamoja na matao ya magurudumu, likaenda mbele kama mamba anayepanua kinywa. Ubavuni lilikuwa na matundu yaliyopangwa kama mashavu ya samaki. Magurudumu yalikuwa ya nyaya nyingi zinazong'aa, na kila gurudumu lilishikwa na nati moja kubwa ya katikati yenye masikio mawili, ya kugonga kwa nyundo ya shaba. Usukani ulikuwa wa mbao. Ndani hukai, unalala, miguu unainyoosha gizani mbele kama mtu aliyeingia kwenye gunia. Nyuma ya viti palikuwa na kijirafu cha kuweka begi, si cha mtu.

Kila Jumapili walikuja wapenzi wake. Bwana Shekue alikuwa karani wa bomani Kisarawe, mtu wa kofia na kalamu mfukoni, ambaye alikuwa akisoma magazeti ya magari. Wa pili ni Saidi, fundi wa kunyoosha mabati kutoka Mlandizi, anakuja na baiskeli. Wakifika, baba na Rajabu wanavuta turubai taratibu kama wanamfunua mgonjwa. Kisha wanaanza.

"Tazama huu mstari," Bwana Shekue anapitisha kidole hewani bila kugusa rangi. "Umeanzia kwenye taa, umepanda mlangoni, umekwenda kufia huku nyuma. Haukukatika popote. Aliyechora hakunyanyua kalamu."

"Alinyanyua," anasema Saidi. "Hapa penye bawaba kaficha kiungo. Wewe karani unaona kwa macho, mimi naona kwa nyundo."

"Nyundo yako uiweke mbali na gari langu!" Rajabu anapiga kelele, na wote wanacheka.

"Mnabishana bure," baba anasema. "Uzuri wake uko chini. Njooni mlale hapa muone." Na kweli anajilaza kifudifudi mchangani na shati lake la Ijumaa, shavu chini, anawaonyesha mabomba mawili ya moshi yalivyopita sambamba, na sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili, la madini mepesi, lenye mbavu mbavu za kupoza. Walilala wote wanne, miguu imetoka nje, wanaongea chini ya gari kama watu walio kwenye chandarua kimoja. Kutoka banda mpaka msikitini palikuwa na kipande cha njia walichokisawazisha wenyewe kwa majembe, na jioni waliliendesha hapo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo halikwenda kokote.

Mama alikuwa akipita na ndoo kichwani.

"Baba Mwasiti, paa la jiko linavuja."

"Nitalitazama."

"Ungelivalia shati la Ijumaa ungekuwa umeshalitazama." Kisha anamgeukia Bwana Shekue. "Shemeji, hebu nisaidie. Mke mwenzangu ananing'aria magurudumu, mimi nina magaga. Nifanyeje?"

"Nawe tukupake nta, shemeji!"

"Anzeni na paa," anasema, na anaingia ndani anacheka. Mama alikuwa mwanamke wa kucheka. Hilo nalishika sana, kwa sababu sura yake imeanza kunipotea lakini kicheko hakijapotea.

Jumapili ninayotaka kuisimulia, alikuwa na mimba iliyotimia. Uchungu ulimwanza alfajiri, na Bi Tatu mkunga alikuwa ndani naye. Wapenzi wa gari walikuja kama kawaida, wakaambiwa, wakakaa nje kwa adabu bila kuvuta turubai. Jua lilipokuwa limepanda vizuri, Bi Tatu alitoka akiwa ameshika mikono yake mbele kama si yake.

"Mtoto katanguliza mkono," akamwambia baba. "Hapa mimi nimefika mwisho. Mpelekeni hospitali Tumbi, sasa hivi."

Huku kwetu jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake na halikuhitaji mkutano. Habari zilikwisha kwenda. Kabla Bi Tatu hajamaliza kunawa, vijana wa jirani walikuwa uani na kitanda cha kamba, wameshakifunga miti miwili ubavuni na shuka juu kwa ajili ya jua. Wangembeba kwa zamu, mbio mbio, mpaka barabara kuu Mlandizi, na huko wangesimamisha gari lolote litakalopita. Watu wengi walikuwa wamepona kwa kitanda kile. Wengine hawakupona, hilo nalo nasema kweli.

Baba akatoka akawatazama na kitanda chao. Namwona mpaka leo alivyonyoosha mgongo.

"Ahsanteni sana, jamani," akasema. "Rudini mashambani kwenu. Leo tuna gari."

Walitazamana. Mmoja akauliza, "Kaka Selemani, una hakika?" Baba akamjibu kwamba kitanda kitafika jioni na gari litafika sasa hivi. Wakaondoka na kitanda chao.

Mama alipotolewa, ameshikwa huku na huku, aliona boneti la kijani mlangoni akasimama.

"Mimi nibebwe na watu," akasema.

"Hili lina kasi, mama Mwasiti. Utafika kabla hujajua."

"Selemani." Alimwita kwa jina, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. "Mimi nibebwe na watu."

Baba aliinamia gari. Alimfungulia mlango.

Kumwingiza ilikuwa kama kumtia mtu kisimani. Kiti kiko chini, mlango mfupi, tumbo lake haliwezi kukunjika. Alipiga kelele mara moja, kisha akafunga mdomo na hakupiga tena. Bi Tatu hakuwa na pa kukaa. Gari la watu wawili ni la watu wawili. Wakanichukua mimi, nilikuwa mdogo tena mwembamba, wakanipenyeza kwenye kijirafu cha begi ili nimshike mama kichwa. Ngozi ya viti ilikuwa imepata moto wa jua, na petroli ilinuka puani mwangu. Baba Mdogo akawasha. Bi Tatu akasema yeye atafuata kwa miguu, na Saidi akachukua baiskeli yake na kumpakia Bwana Shekue nyuma, na baba akaazima baiskeli nyingine.

Wenzangu, sitaficha: mwanzo ule nilifurahi. Mlio ulikuwa mkubwa, watu walitoka nje kutazama, na mimi nilikuwa ndani ya kitu ambacho watoto wote waliota kukigusa. Niliona baba na baiskeli yake anakuwa mdogo nyuma yetu. Nilijua mama atapona kwa sababu kitu kizuri namna ile kisingeweza kushindwa.

Tulipita msikiti, tukaingia barabara yenyewe. Malori ya mkaa na korosho yalikuwa yameikata mistari miwili mirefu, na katikati pamebaki tuta lenye nyasi. Hapo nikaanza kusikia sauti chini yetu, kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Kila ikikwangua, Baba Mdogo anapunguza mwendo na kusema, "Pole, pole, pole." Nilidhani anamwambia mama. Halafu nikaona mkono wake, ulikuwa unaupapasa usukani.

Penye bonde moja tuta lilipanda. Gari likapanda nalo, likakaa juu yake kwa tumbo, na magurudumu ya nyuma yakabaki yanazunguka bila kushika kitu. Baba Mdogo akazima. Palikuwa kimya hata nikasikia mama anavyohema.

Wanaume walifika na baiskeli zao. Bwana Shekue alipoona, akatupa kofia. "Tusukume! Wote kwa pamoja, tuliburute lipite!"

"Ukiliburuta sampu inapasuka," Saidi akasema. Alikuwa ameshalala chini. "Imekalia jiwe. Ikipasuka oili inamwagika, injini inakufa kabla hatujafika popote. Tutakuwa tumemwua sisi wenyewe. Tuchimbe chini yake, lishuke lenyewe."

Maneno yale yalikuwa na akili. Nimeyageuzageuza kichwani maisha yangu yote, na sasa nina malori na najua sampu ni nini, na bado naona yalikuwa na akili. Lakini ilikuwa akili ya gari. Walikuwa wanaume wanne na baiskeli mbili, na hakuna hata mmoja aliyesema apande baiskeli akawaite wabebaji warudi na kitanda. Walilala chini wote kama Jumapili nyingine zote, wakaanza kuchimba kwa mikono na kwa ile nyundo ya shaba.

"Taratibu hapo, Saidi, bomba hilo."

"Nimeliona."

"Toa mchanga, usitikise jiwe."

Mama alikuwa hawezi kugeuza shingo. Alikuwa anaona kioo na anga.

"Mwasiti, wanafanya nini?"

"Wanachimba, mama."

"Wanachimba nini?"

"Chini ya gari."

Akacheka. Si kicheko chake, lakini alicheka. "Mwambie baba yako achimbe vizuri."

Nikatoa kichwa dirishani. "Baba! Mama anasema uchimbe vizuri!"

"Mwambie bado kidogo," ikajibu sauti ya baba kutoka chini.

Mama aliniambia nimtangazie, basi nikatangaza. Nilimwambia kwamba Baba Mdogo anapima nafasi kwa ngumi. Nilimwambia kwamba Bwana Shekue kavua koti kalitandika ili rangi isikwaruzwe na jiwe. Nilimwambia kwamba Saidi kapata mti wa kunyanyulia. Mwanzoni alikuwa anasema "ehe" kila nikimaliza. Kisha "ehe" ikakoma, na mimi niliona anasikiliza kwa makini zaidi, nikaongeza sauti. Nilitangaza kila mkono na kila jiwe. Kichwa chake kilikuwa kizito mikononi mwangu, na nilishika vizuri kama nilivyoagizwa.

Gari likashuka. Lilishuka polepole, magurudumu yakagusa udongo bila kitu kuvunjika, na wanaume wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi. Baba Mdogo akaingia akawasha, na injini ikaitika mara moja. Baba akaja upande wa mama anajipangusa mikono kwenye shati, uso wote mwekundu kwa udongo, anatabasamu.

"Haya, twende," akasema. "Mama Mwasiti, twende."

Wakati huohuo Bi Tatu alitokea bondeni, na kifurushi chake kichwani, na miguu yake ileile ya kizee.

"Bado mko hapa?"

Hakungoja kujibiwa. Alimsogeza baba kwa kiwiko, akainama mlangoni, akamgusa mama shingoni, kisha tumboni, akaacha mkono hapo.

"Zima hilo dude," akamwambia Baba Mdogo.

Hapo ndipo kitanda kilipokuja. Wale wale vijana waliitwa mashambani, wakaja mbio nacho, na shuka ileile juu. Walimtoa mama kitini kwa shida kama alivyoingizwa. Hawakumwambia baba neno lolote, wala kumtazama. Walimnyanyua mabegani wakageuka naye Mzenga, na mimi nilikimbia pembeni nimeshika mti wa kitanda.

Tulimzika na mtoto wake tumboni. Gari walilisukuma pembeni mwa barabara ili malori yapite.

Siku iliyofuata ya matanga, wanaume walikuwa wamekaa majamvini uani, na mimi nilikuwa nazungusha kahawa kwa sababu wanawake walikuwa ndani na kilio. Baba alikaa ameegemea ukuta. Alikuwa ameoga, ametawadha, amesali, lakini udongo mwekundu ulikuwa haujatoka kwenye kucha zake. Nilimpa kikombe akakishika bila kunywa. Bwana Shekue na Saidi walikuja, wakampa mkono, wakakaa karibu naye wameinamisha vichwa. Wazee walikuwa wanasoma dua. Dua ikaisha, watu wakasema amin, kila mtu akangoja mfiwa aseme neno.

Baba akamwinamia Saidi. Nilikuwa mbele yao na birika.

"Sampu ilipona?" akauliza.

Saidi akainua kichwa. "Ilipona, kaka."

"Alhamdulillahi," baba akasema.

Nilimchukulia kikombe mkononi mwake, kimejaa, nikamwaga kahawa mchangani mbele ya wageni wote. Nilikuwa mtoto, na kwetu mtoto hamfanyii mkubwa hivyo, seuze baba yake, seuze msibani. Hakuna aliyenikemea. Baba aliitazama kahawa ikizama, mkono wake umebaki vilevile, vidole vimekunjika kana kwamba kikombe bado kimo.